Kwa Nini Amadi Alisimama Kwenye Kila Duka

Mimi ni Zabibu. Mume wangu ni Amadi, fundi wa nguo hapa Kamalondo. Asubuhi mimi nauza vitumbua mbele ya nyumba. Yeye anaenda kwenye mashini yake ya kushona, barabara tatu kutoka kwetu.

Zamani, alipokuwa ananichumbia, kila Jumapili tulitembea kwa miguu mpaka katikati ya mji. Tulitazama nguo kwenye vioo vya maduka. Hakuwa na uwezo wa kununua hata kifungo! Alitazama tu, kisha akanishonea inayofanana. Na alivyokwenda mbio! Nilikuwa navua viatu na kuvishika mkononi ili nimfikie.

"Zabibu, tembea!" alisema, akicheka.

Wallahi, siku zile nilizipenda sana.

Miaka miwili iliyopita, Amadi alibadilika. Alianza kusalimia watu. Alisimama kwa Raoul, muuza kadi za simu. Alisimama kwenye meza ya Céline, mjane anayeuza mikate. Hapo alikaa sana. Mtaa wote ulimsifu.

"Baba Amadi iko na heshima, anasalimia kila muntu!"

Heshima gani? Nyumbani alikuwa kimya kama jiwe. Nikimwambia twende mjini Jumapili, anajibu, "Nimechoka." Kwa Céline hakuchoka! Wivu ulinichoma, sifichi.

Asubuhi moja nilimchukua jirani yangu Chola. Yeye ni muuguzi.

"Kuya, uone kwa macho yako," nilimwambia.

Tulimfuata Amadi kwa mbali. Akafika kwa Raoul, akasimama. Akafika kwa Céline, akasimama. Nilitaka kupiga kelele. Chola, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akanishika mkono.

"Yaya Zabibu, angalia muzuri. Hata hamuangalii Céline. Anashika ukuta, anakamata muguu."

Nikatazama. Kweli, Amadi alikuwa anainama na kukanda nyama ya nyuma ya mguu wake. Baada ya muda mfupi alitembea tena.

"Anatembea kidogo, muguu inauma," Chola alisema. "Anapumzika, maumivu inapita. Hii haiko mapenzi, yaya. Hii iko ugonjwa."

Aibu ilinishika.

Jioni Chola alikuja kwetu. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Amadi alikuwa amesogeza mguu kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nayo yanawaka.

"Baba Amadi, toa muguu pale!" Chola alisema. "Muguu ya namna hii inaungua na wewe husikie. Vua soksi."

Amadi alikataa. Nikaivua mimi mwenyewe. Mguu ulikuwa baridi. Kwenye kidole kulikuwa na kidonda, tena cha siku nyingi.

"Kwa nini ulinificha?" nilimuuliza.

Machozi yalimtoka. "Balikata muguu ya baba yangu, Zabibu. Mwaka ile ile akakufa. Niliogopa. Sikutaka unione nusu ya muntu."

Nililia na mimi. Mwaka mzima nilikuwa namnunia mtu anayeumwa!

Chola alitueleza polepole. Damu inapita kwenye mishipa. Sigara, kama zile anazovuta Amadi, kisukari na shinikizo la damu vinaharibu mishipa hiyo. Mafuta yanaganda ndani, njia inakuwa nyembamba. Mguu unakosa damu, na kidonda hakiponi.

"Wanaokatwa, wengi ni wale balichelewa," alisema. "Leo iko njia ingine. Lakini kesho twende, haiko mwezi ujao."

Hospitalini walipima shinikizo la damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu. La mguuni lilikuwa chini sana. Picha ilionyesha mshipa ulioziba pajani. Daktari Stanislas alisema si kila mguu unatibika bila upasuaji mkubwa, lakini wa Amadi unaweza.

"Nitakuchoma dawa ya ganzi kwenye kinena," alieleza. "Natoboa tundu ndogo. Napitisha mpira mwembamba mpaka penye kuziba. Ncha yake iko na puto. Ikijaa, inafungua njia. Kisha naweka kijibomba cha waya, njia isijifunge tena."

Amadi alifikiri.

"Kama kupitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi," alisema. "Hupasui sketi yote."

"Sawasawa, fundi!" daktari alicheka.

Nilingoja nje, tasbihi mkononi. Alitoka akiwa macho. Nikagusa mguu wake. Ulikuwa na joto! Siku ya pili tulirudi nyumbani.

Kazi haikuishia hapo. Anameza dawa kila siku. Anatembea kila asubuhi. Sigara zake nilizitupa chooni, na akinuna, anune! Chola alisafisha kidonda mpaka kikafunga.

Jumapili iliyopita Amadi alivaa shati lake jeupe.

"Twende mujini, tuangalie nguo," alisema.

Tulipita kwa Raoul. Hakusimama. Tulipita kwa Céline.

"Eh, baba Amadi! Leo hakuna salamu?"

"Jambo, mama!" alijibu, tayari yuko mbele.

Mimi nilikuwa nyuma, nahema. Akageuka, akacheka kama zamani.

"Zabibu, tembea!"

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikamfuata.