Kilio Kilichokatwa

Lifti ya kituo cha redio ilikuwa imejaa pomoni asubuhi ile, waya za fundi wa sauti ziliponasa mtandio wa zambarau wa dada aliyesimama mbele yake.

"Kaka, unanivua mtandio au unaniposa?"

"Tujinasue kwanza. Hilo la pili tutazungumza."

Lifti nzima ikacheka. Haukupita muda wakawa chanda na pete. Fundi akimwita dada yule Sauti, maana alikuwa msomaji wa redio, naye akiitwa Fundi wangu.

Kisha mama yake Sauti akafariki. Fundi alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na haraka. Kila akipiga simu alisema, "Usilie, mpenzi. Yatapita." Sauti akawa anajibu kwa mkato.

Wakati huo Sauti alikuwa akirekodi sala za kale za Waebrania kwa kipindi cha alfajiri. Siku moja alisoma ile chungu kuliko zote, ya mtu aliyelemewa, aliyekimbiwa na rafiki, anayemwita Mungu bila kujibiwa. Sala inayoishia gizani pasipo shukrani. Katikati akakwama. Akalia mbele ya kipaza sauti, akafuta machozi, akamalizia.

Kusafisha rekodi ndiyo kazi ya Fundi. Akakikata kilio. Mwisho nao ukamtisha, akabandika shukrani kutoka sala nyingine.

Sauti aliisikia redioni akiwa jikoni kwake. Akapiga simu.

"Nani kakuambia nimeshukuru?"

"Mpenzi, sikutaka watu wakusikie ukilia."

"Watu, au wewe? Wenzetu wale wa kale walimlilia Mungu mpaka neno la mwisho, na hawakuona haya. Mimi nikilia unanifuta kama kikohozi! Kesho itoke kama nilivyoisoma."

"Itatoka. Lakini Sauti... Jumapili nilitaka kuleta wazee kwenu, kuposa."

Simu ikakatwa.

Kesho yake sala ikarushwa nzima, kilio na giza lake. Fundi akaisikiliza kwa mara ya kwanza bila kushika kitufe. Akampigia. Sauti alipokea akilia. Fundi hakusema pole, hakusema yatapita. Alikaa tu na simu sikioni, naye machozi yakimtoka.

"Leo umenisikia," Sauti akasema hatimaye. "Ungenisikia hivi tulipomzika mama, ningewapokea wazee wako."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshazoea kulia peke yangu, Fundi."

Hakumwita Fundi wangu. Siku hizi lifti ikifunguka na waya zikaonekana, Sauti hupanda ngazi.