Tundu la Kupumulia

Tangi la pikipiki likikosa hewa, ukifungua kifuniko huvuta. Unasikia fyuu, hewa inaingia, basi. Fundi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Pua kwa sababu alijigamba kwamba ugonjwa wa pikipiki anaunusa kabla hajashika spana, alilijua hilo tangu ujana wake. Ndiyo maana mchana ule, jua likiwa utosini, alipofungua kifuniko cha tangi la Mama Mayai alirudi nyuma hatua moja. Tangi lile halikuvuta, lilipuliza. Pumzi ya vuguvugu ilimpiga usoni, wala haikunuka petroli. Ilinuka kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu.

"Ni joto tu," alijiambia. "Mafuta yametanuka." Pua hakuwa mtu wa kukosa jibu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, imechomelewa hapa na pale mpaka ikasahau rangi yake. Mama Mayai, mjane aliyepeleka mayai madukani, aliileta asubuhi akiisukuma, jasho likimtoka.

"Inakwenda dakika kumi, kisha inazima," alisema. "Nikingoja kidogo inawaka tena. Lakini siku hizi inaningojesha zaidi na zaidi." Alikuwa keshageuka kuondoka alipoongeza, kwa sauti ya chini, "Marehemu mume wangu aliacha neno. Tengeneza kila kitu, ila kifuniko cha tangi, zaidi ya kutia mafuta, kisiguswe."

"Marehemu alikuwa fundi?"

"Alikuwa mwalimu."

"Mungu amlaze pema. Mimi sijawahi kuingia darasani kwake kumfundishia." Pua alicheka peke yake.

Alianzia panapostahili. Alivua mpira wa mafuta, akafungua koki, petroli ikatiririka vizuri ndani ya kopo. Chujio lilikuwa safi. Akafungua kabureta, akamwaga kibakuli chake, akachomoa jeti, kile kijibomba chembamba cha kupitishia mafuta, na kuipuliza kwa mdomo, kama wanavyofanya mafundi wote huku kila mmoja akimkataza mwenzake. Hapakuwa na uchafu. Akarudishia kila kitu, akapiga kiki, akazunguka nayo mtaani. Dakika ya kumi ikazima mbele ya karakana yake mwenyewe. Hapo ndipo alipofungua kifuniko, tangi likapuliza, na pikipiki ikawaka kwa kiki moja.

Basi ugonjwa ulikuwa umejitaja. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia, na likiziba mafuta hayashuki. Pua alikigeuza kifuniko juani. Tundu lilikuwa limejazwa nta nyeusi, nayo nta imekandamizwa kwa kidole gumba, mistari ya kidole bado inaonekana. Uchafu haujikandamizi wenyewe, na hilo nalo alilijua. Lakini fundi akishauona ugonjwa, nani wa kumzuia? Alichukua waya akatoboa.

Kitu chepesi kilimpita sikioni, kikaelekea mlango wa nyumba.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba, na nyuma ya ukuta mkewe alishona nguo. Kwa miaka kumi na tisa Pua alifanya kazi akisikia cherehani kile, naye mkewe akisikia nyundo, na ikipita saa nzima bila mmoja kumtania mwenzake kupitia dirishani, ujue kuna mgonjwa. Alikuwa anafuta mikono aliposikia cherehani kimesimama. Hakujali, uzi hukatika. Kikaendelea. Baadaye kikasimama tena, na Pua akajikuta anatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika kumi.

"Bibie?"

Aliingia. Mkewe alikuwa ameketi, mguu juu ya kanyagio, mkono juu ya gurudumu, macho wazi, kinywa wazi kidogo. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Pua alimgusa bega, lilikuwa na joto lake la kila siku. Kisha kooni mwake ikatoka fyuu, na gurudumu likazunguka.

"Mbona umenisimamia?" mkewe aliuliza. "Unanizibia mwanga."

"Ulikuwa huhemi."

"Nenda kanywe maji, mume wangu. Jua limekuingia kichwani." Aliposema hivyo, pumzi yake ilinuka petroli.

Pua aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kuficha. Alivuta kigoda akaketi mlangoni, spana mkononi kama vile jini hufunguliwa kwa spana, akasikiliza cherehani kikienda na kusimama, kikienda na kusimama, na kila kiliposimama alihesabu moyoni, mara ya tatu akafika ishirini, mara ya nne arobaini, na mara ya tano alikuwa amepita sabini na midomo ya mkewe imeanza kubadilika rangi, ndipo ile fyuu ilipotoka, ndefu na ya kivivu, si sauti ya mtu anayevuta hewa bali ya kitu kinachojigeuza mahali kilipolala.

Mama Mayai alirudi alasiri kuchukua pikipiki yake. Alikiona kifuniko kwenye benchi, mwanga ukipenya katika tundu lake, akafunika mdomo.

"Nani yuko ndani ya nyumba?" alinong'ona.

"Mke wangu. Mama, ni kitu gani hiki?"

"Kilimkaba mtoto wangu. Mume wangu alikivuta kwa mpira kutoka mdomoni mwa mtoto, akakitemea ndani ya tangi. Kinapenda petroli. Kikiingia hakitoki, hata tangi likifunguliwa, mpaka tundu la kifuniko lizibuliwe."

"Na mtoto?"

"Mzima. Yuko shule."

"Na mwalimu?"

Mama Mayai alitazama chini. "Tone moja lilimshuka kooni. Akawa anasimama njiani, kila siku zaidi kidogo. Siku ya mwisho tulimkuta ameketi kando ya barabara, mikono magotini, kama mtu anayengoja."

"Ungeniambia."

"Ungekataa kazi. Nilidhani ni kabureta. Nisamehe, ndugu yangu, nilitaka sana iwe kabureta."

Pua alitaka kumkasirikia, na alikuwa na haki. Lakini nyuma ya ukuta cherehani kilikuwa kimesimama.

Alinyakua mpira wake wa kuvutia mafuta. Katika miaka yote ya ufundi alikuwa hajawahi kumeza petroli, na kwa hilo alijisifu kuliko kwa pua yake: unavuta mpaka karibu na meno, unatema. Alipitisha ncha moja kati ya midomo ya mkewe, iliyokuwa imegeuka samawati, akambana pua, akavuta. Mwanzoni hakukuwa na kitu, kisha kikaja, kizito, cha baridi, kikitambaa ndani ya mpira kikiwa hakitaki, akavuta mpaka mashavu yakamuuma na kinywa kikajaa, akamtazama mkewe na kuona kifua bado kimetulia, akajua kwamba kipande kingine kimebaki ndani na kwamba tangi liko hatua kumi na tano, hatua kumi na tano za kwenda na nyingine za kurudi, na mwanamke yule hakuwa na muda wa hatua thelathini.

Alimeza. Akavuta tena.

Kifua cha mkewe kiliinuka. Alikohoa, akalia kama mtoto aliyeamshwa vibaya. Pua alikimbia na kinywa kilichojaa, akatema ndani ya tangi, akafunga. Mama Mayai alikuwa tayari na kipande cha mshumaa, akakandamiza nta kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Ndani ya bati kitu kiligonga mara moja, polepole.

"Umetema chote?" aliuliza.

"Chote," Pua alijibu.

Tangu siku hiyo cherehani hakikusimama tena ila kwa uzi kukatika. Mkewe alinenepa kidogo, akacheka, akasema kwamba mumewe siku hizi anamtazama kama bwana harusi. Pua aliendelea na kazi zake, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi duka la vipuri, kama zamani. Asubuhi moja alirudi akamkuta mkewe mlangoni, mkono kiunoni.

"Ulikuwa wapi? Chai imepoa."

"Niliketi kidogo njiani."

"Jana nayo uliketi," mkewe alisema, akitazama saa ya ukutani. "Lakini jana hukuchelewa hivi."