Mfuko Uliokuwa Kwenye Friza

Jioni ile Constance alitumwa nyama ya kulungu na mumewe, Orrin. Akashuka ngazi za chini ya nyumba kwa makalio, moja baada ya nyingine, kama mtoto. Magoti yalikuwa hayapindi tena.

Huu ulikuwa mwezi wa tisa anameza antibiotiki za Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe. "Maumivu yakizidi ni vijidudu vinakufa," daktari alisema. Basi yakazidi! Ulimi ukaota ukungu mweupe, tumbo likaharisha maji ya kijani, nusu ya uso ikalegea. Na kesho angeanza kutundikiwa dripu ya dawa hizo hizo. Moyoni alijua: hiyo dripu ingemmaliza.

Akafungua friza.

Harufu... Uvundo mtamu, wa kidonda.

Chini ya nyama kulikuwa na mfuko mdogo wenye tarehe kwa mwandiko wake. Huku kwao kupe akikuuma humtupi. Unamgandisha, huenda akahitajika kupimwa. Alipomweka huyu aliyemuuma, kupe alikuwa mdogo kuliko punje ya ufuta.

Sasa alijaza mfuko.

Mnene, wa kijivu, ngozi imevutika inang'aa. Constance akafungua mfuko, akamgusa.

Alikuwa wa moto.

"Mama wee," akanong'ona. "Kumbe kikulacho..."

"Constance! Vitunguu vinaungua huku!" Orrin akaita.

Akambinya kwa vidole viwili.

Pwaa! Usaha wa njano ukamrukia mdomoni. Mchungu. Ladha aliijua vizuri mno: vidonge vyake, vyote, vya miezi tisa.

Akatapika pale pale. Alipomaliza kutapika, alikuwa amesimama wima. Magoti hayaumi! Akapanda ngazi bila kushika ukuta, analia kwa furaha.

"Siendi kwenye dripu, Orrin! Nimepona!"

"Acha masihara, bibi wewe," Orrin akacheka, akaacha mwiko, akamkumbatia. "Umepanda mwenyewe? Kwa miguu hiyo hiyo?"

Mkono wa Constance ukapita nyuma ya shingo ya mumewe. Ukakuta kitu.

Kidogo. Laini. Cha moto.

"Pameanza kuwasha hapo sasa hivi tu," Orrin akasema. "Ni kupe, eti?"

Ile ladha ilikuwa bado mdomoni mwa Constance.

"Mtoe basi. Ila usimtupe, mke wangu. Mtie kwenye mfuko, andika tarehe."

Constance akayapinda magoti yake taratibu, akayanyoosha. Hayakuuma hata kidogo.

Akaenda kuchukua kalamu.