Utando wa Kijani Dimbwini

Kila asubuhi Aurelia alijitwika ndoo na kupanda kilima cha kanisa kufuata maji ya bomba. Mama yake alikuwa amekataza kabisa maji ya dimbwi, lile linalobaki nyuma ya mchanga Ziwa Nyasa likipungua. Humo akina mama wa kijiji chao cha Mbaha huloweka muhogo wa ugali, na joto likizidi maji yake hunuka.

Jumamosi moja foleni ya bombani ilikuwa ndefu na Aurelia, tusimfichie, alikuwa mvivu wa kusubiri. Akashuka dimbwini. Utando wa kijani ulikuwa umetanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika, na samaki kadhaa, magege wanono, walielea wakiwa wamekufa. Aurelia akajiambia kuwa lile ni povu la muhogo tu. Akausukuma utando kwa mkono, akachota, akaenda kuyachemsha maji yale mpaka yakatokota. Si mwalimu alisema maji yakichemka vijidudu vyote hufa?

“Umetoka bombani?” mama aliuliza aliporudi kutoka shambani.

“Ndiyo, mama.”

Beata, mdogo wake wa miaka minne, alishinda akiyanywa maji hayo kwa sababu ya joto. Jioni akaanza kutapika na kuharisha. Mama akakoroga chumvi na sukari katika maji yaleyale, akamnywesha kijiko baada ya kijiko. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyozidi kulegea. Asubuhi macho yalikuwa yamezama, na hata kulia hakuweza.

Aurelia alikuwa ameanza kushuku. Alitaka kusema, lakini hofu ya fimbo ikamfunga mdomo.

Kwenye zahanati, Daktari Placidi alimpima Beata na uso wake ukabadilika.

“Mama, mtoto anakunywa maji gani?”

“Ya bomba, Daktari. Tena yamechemshwa,” mama akajibu, huku akifungua chupa aliyotoka nayo nyumbani ili amnyweshe tena.

“Usimpe, mama!” Aurelia alipiga kelele. “Ni ya dimbwini! Nilikudanganya!”

Chupa ilimponyoka mama. Daktari alimuuliza Aurelia alichoona humo, naye akaeleza kuhusu samaki waliokufa na utando aliodhani ni povu la muhogo. Daktari akamtundikia Beata dripu haraka.

“Lile si povu la muhogo,” alisema. “Ni bakteria wanaostawi maji yakituama na jua likiwa kali, nao wana sumu. Moto huua vijidudu, lakini sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Huharibu tumbo na ini. Samaki waliokufa humo wasiliwe, na maji yale asiyaguse mtu.”

Beata alilazwa karibu wiki nzima. Alipona, ingawa alirudi amekonda na kwa muda mrefu hakutaka kucheza. Serikali ya kijiji ikapiga marufuku kuchota maji, kuloweka muhogo na kuvua dimbwini.

Siku waliyorudi nyumbani, Aurelia alipiga magoti mbele ya mama yake.

“Nisamehe, mama.”

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

“Uvivu wako ningeuchapa, ukaisha,” alisema. “Lakini uongo wako ulinifanya nimnyweshe mwanangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ninamtibu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Maumivu ya fimbo hupoa. Beata angekufa, mimi na wewe tungepoa lini?”