Ubongo wa Kidosho

Fundi cherehani alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha mbele. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho hayupo. Binti yao wa miezi saba walimwita Kidosho. Alilala mkekani kando ya cherehani, na bibi yake alimwimbia huku akimfukuzia nzi.

Jumanne moja asubuhi Kidosho aliamka na homa kali. Alikataa titi. Alilia kwa sauti nyembamba, kisha akalegea.

"Meno hayo," bibi alisema. "Hata wewe ulinisumbua hivyo hivyo."

"Mama, tazama utosi. Umetuna!"

Fundi alitoka mbio mpaka kwa jirani. Mtaa mzima ulimwita jirani huyo Mama Darubini, kwa sababu alishinda maabara akitafiti ubongo wa watoto. Alikuja, akaugusa utosi taratibu. Uso ukambadilika.

"Mpelekeni hospitali sasa hivi."

"Si ninywe chai kwanza?" bibi aliuliza.

"Chai itangoja, mama. Ubongo haungoji. Mimi si daktari wa kutibu, lakini homa, kukataa titi na utosi kutuna ni dalili za hatari. Twendeni, nawasindikiza."

Hospitali walipima maji ya uti wa mgongo. Kidosho alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa na kuchomwa sindano za dawa kwa wiki mbili.

"Mmewahi," daktari aliwaambia. "Mngengoja kesho, tungekuwa tunaongea mengine. Mwezi ujao mrudisheni apimwe masikio."

Walirudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Ila bibi aliweka sheria mpya. Cherehani ilihamishiwa uani. Nyimbo zilikoma. "Ubongo wake umechoka," alisema. "Tuuache upumzike." Hata baba aliporudi safari alivua viatu mlangoni akanyata kama mwizi. Mwezi ukapita. Kidosho alikula vizuri, lakini alitazama tu. Akiitwa, mara nyingi hakugeuka.

Mama Darubini alikuja kumjulia hali. "Mbona kimya hivi? Kuna msiba?"

Bibi alimweleza. Mama Darubini akaketi mkekani.

"Mama, ndani ya ubongo kuna chembe ndogo za ulinzi. Vijidudu vikiingia, zinapigana navyo. Ubongo unavimba. Vita vikirefuka, hata wasiohusika huumia. Ndiyo maana tuliharakisha."

"Na sasa vita vimekwisha?" fundi aliuliza.

"Vimekwisha. Sasa ni kujenga. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa kutumiwa. Ukimwimbia, ukimchekesha, njia zake zinaimarika. Kimya hiki kinaunyima chakula. Na masikio mlimpima?"

Fundi na mumewe, aliyekuwapo siku hiyo, walitazamana. "Tulimwona amepona," baba alisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake walikwenda hospitali. Sikio la kushoto lilisikia vizuri. La kulia lilisikia kidogo sana. Fundi alilia. Mpimaji alimngoja anyamaze.

"Ugonjwa huu huweza kuharibu masikio," alisema. "Lakini sikio moja zima linatosha kujifunzia maneno, mradi mtusaidie. Kaeni upande wa kushoto. Aone nyuso zenu mnaposema. Na mje tumpime tena."

Bibi akahamishia kigoda chake kushoto, akafungulia maneno kama bomba. Alimtajia mtoto kila kitu: sufuria, ndoo, paka, hata wambea wa mtaani. Kidosho alipofika mwaka na miezi mitatu, alimnyooshea paka kidole akasema, "Paka!" Baba, aliyekuwa anafunga mzigo, aliuachia ukaanguka.

Fundi alikwenda kwa Mama Darubini kushukuru.

"Usinishukuru peke yangu," Mama Darubini alisema. "Ninayoyajua nimefunzwa na watoto waliougua kabla ya Kidosho. Mama zao walikubali tuwafuatilie mwaka hadi mwaka. Hamtawajua kamwe."

Fundi alijibu, "Basi na wangu mfuatilieni. Kuna mama huko mbele naye atahitaji kujua."

Juma lililofuata alimpeleka Kidosho maabara. Mtafiti kijana alitoa utepe apime mzunguko wa kichwa. Kidosho akajipinda huku na huku, utepe ukateleza mara tatu.

"Lete hapa, mwanangu," fundi alisema. "Kazi hii ndiyo inayonilisha."

Aliuzungusha utepe mara moja tu, akaubana kwa kidole gumba.

"Sentimita arobaini na sita kamili," alisema. "Andika."