Gari la Majaribio

"Mzee, tanguliza kukaa, miguu ifuate baadaye," mchumba wa Nesi alielekeza.

"Kwani hili ni gari au beseni?" baba yake Nesi aliuliza, mkono mmoja umeshika paa, mwingine kiuno.

Majirani walikuwa wamejaa getini. Gari lilikuwa jekundu, jipya, la spoti, na liko chini kiasi kwamba hata kuku angeliruka bila kufungua mbawa. Kwenye viti vya nyuma, ambavyo aliyevibuni bila shaka hakuwa na shangazi, Nesi na shangazi yake walibanana magoti kidevuni.

"Jamani! Mkwe wetu huyo!" shangazi alipaza sauti ili wa getini wasikie. "Si tulisema ana kigari cha mlango mbovu?"

Nesi alitabasamu tu. Gari halikuwa la mchumba wake. Kazi ya mchumba ilikuwa kupima magari mapya: wauzaji humwazima moja, analiendesha siku chache, kisha anawaambia watazamaji wake mtandaoni kama linafaa kununuliwa au la. Walimwita Usukani, na walimwamini kwa sababu hakuwahi kusifia gari kwa kumwogopa muuzaji.

La kwake lilikuwa ndilo hilo la mlango mbovu. Mlango wa abiria haukufunguka kwa ndani, kwa hiyo kila walipofika mahali Usukani alishuka, akazunguka, akamfungulia Nesi. Siku moja shangazi aliwaona, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo Nesi akaona haya kupita nalo mtaani kwao. Siku ya mchumba kwenda kujitambulisha ilipokaribia, akamtumia ujumbe:

"Mpenzi, njoo na lile jekundu. Usiseme ni lako. Wenyewe watadhani."

"Mimi kazi yangu ni kusema ukweli wa magari."

"Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Wanasema mapenzi hayana macho. Mengine hayana hata breki. Usukani akaja nalo.

"Enhe, kijana," mzee alisema walipoingia barabara kubwa, "wewe ndiye mjuzi. Mtu akilitamani gari kama hili, anunue au ajizuie?"

Kwa raha ya kuulizwa, Usukani akasahau kwamba anaigiza.

"Inategemea, mzee. Injini tamu, breki za uhakika. Lakini tuta dogo tu linakwaruza tumbo. Na huko nyuma ni pa kuweka koti, si mtu."

"Mwambie!" shangazi aliguna. "Mguu wangu umeshakufa huku."

"Sasa mbona wewe umenunua?" mzee aliuliza.

Kabla hajajibu, simu iliita. Usukani ana mazoea yake: akikabidhiwa gari tu, anaunganisha simu nalo na kuliacha lipokee lenyewe, maana spika nazo hupimwa. Siku hiyo spika zilikuwa safi mno.

"Kaka Usukani, habari za mchana? Hapa dukani," sauti ya dada wa mauzo ilijaa gari zima. "Lile gari la majaribio tunaliomba jioni, kuna mteja. Na tafadhali usipakie watu nyuma, bado ni letu."

Simu ikakatika.

"La majaribio?" mzee aliuliza taratibu.

Hapo Nesi angeweza kusema neno moja tu, la kweli. Akachagua jingine.

"Heee! Kumbe si lako?" alisema, mkono mdomoni. "Umetudanganya?"

Usukani alimtazama kwenye kioo cha kati. Nesi akainamisha macho, aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Si langu, mzee," Usukani alisema. "Nimekosa. Nisamehe."

"Turudishe nyumbani."

Jioni ile Nesi alimpigia Usukani simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mwishowe ukaingia ujumbe: "Kudanganya kwa ajili yako niliweza. Lakini ulipouliza kama nimewadanganya, uliniacha peke yangu."

Nyumbani, shangazi hakuishiwa maneno.

"Njia ya mwongo fupi! Tapeli mkubwa yule. Na wewe, maskini mwanangu, hukujua."

Kila "maskini mwanangu" ilimchoma. Baba alimtazama usoni. "Kweli hukujua?"

"Sikujua, baba."

Ikawa amemkana mara ya pili.

Jumamosi Usukani aliingia mubashara kutoa uamuzi wake juu ya gari jekundu. Shangazi akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, apate kumcheka vizuri.

"Mnauliza mnunue au msinunue," Usukani alisema. Hakuwa amenyoa ndevu. "Leo sina jibu. Nililitumia gari hili kujionyesha nisivyo. Mtu aliyedanganya kwa gari hana haki ya kulihukumu. Hii kazi naiacha."

"Afadhali anajijua!" shangazi alipiga makofi.

"Shangazi, nyamaza!" Nesi alifoka.

Shangazi aligeuka kwa mshangao. Machozi yalikuwa yanamtoka Nesi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," baba alisema. "Sema."

"Ni mimi, baba. Alikataa, nikamlazimisha. Niliona aibu na gari lake."

"Na mle ndani, ulipomuuliza?"

"Niliogopa aibu."

"Na sasa?"

"Sasa ninayo yote."

Mzee alimsogezea simu. "Umemwaibisha mbele za watu. Msafishe mbele za watu."

Nesi aliandika kwenye maoni. Usukani alikuwa akisoma maoni kwa sauti, kama kawaida yake:

"'Ni mimi mchumba wako. Mimi ndiye niliyekutuma na lile gari, kisha nikakukana mbele ya baba. Usiache kazi kwa aibu yangu...'"

Akageukia pembeni. Kisha akajifuta uso.

"Haya, uamuzi. Gari ni zuri. Ukilipenda kwa kuliendesha, nunua. Ukilitaka ili watu wa getini wakuone, acha. Wao watarudi makwao, wewe utabaki na magoti kidevuni."

Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia simu. "Njoo tumalize safari yetu. Njoo na la kwako."

Alikuja. Mzee alikaa mbele, Nesi na shangazi nyuma, na safari hii magoti yalipata pa kukaa. Waliporudi, geti lilikuwa limejaa tena. Mzee alisukuma mlango, ukagoma.

"Haufunguki kwa ndani, baba!" Nesi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Akashuka, akazunguka, akamfungulia.

Mzee alitoka amenyooka. "Hili angalau natoka bila kuvutwa mkono," alisema. Akamgeukia Usukani. "Kwangu mimi yameisha. Na huyu mmalizane wenyewe."

Usukani hakuwa amemwambia Nesi hata neno. Nesi aliketi kiti cha mbele, akaufunga mlango.

"Unafanya nini?" Usukani aliuliza dirishani.

"Siwezi kutoka mwenyewe. Nitakaa humu mpaka unisamehe."

"Majirani wote wanakutazama."

"Najua."

"Na shangazi yako anacheka."

"Mwache acheke."

Usukani alizunguka gari, kama zamani. Kisha akaufungua mlango.