Majambazi wa Maandazi

Huyu hapa ni Zaituni. Anasoma darasa la pili, Muheza.
Ni mdogo kuliko wote darasani. Leo amevaa koti la babu yake, na koti linafagia chini.
Fyaa, fyaa, fyaa.

Ukimwita Zaituni, haitiki.
Siku hizi yeye ni Bosi Radi, mkubwa wa majambazi, na kofia ya bosi kichwani.

Darasa lao lina mchezo wa kuimba. Wanaocheza ni watoto tu.
Jumamosi wazazi watakuja shuleni kuutazama.

Bunduki zao ni za mgomba, zimechanjwa vilimi mgongoni. Ukipitisha mkono, zinalia.
Ta-ta-ta-ta.
Risasi hakuna. Kelele tu.

Na wimbo wao ndio huu:

Sisi ni majambazi,
tunataka maandazi.
Ta-ta-ta, ta-ta-ta!

Katika mchezo, mwenzao Mhina ndiye mwenye duka la maandazi.
Bosi Radi anaingia dukani. Anasema kwa sauti nene, "Mikono juu."
Mhina anainua mikono. Majambazi wanabeba maandazi, wanaimba, wanakimbia.
Basi.

Jumatatu, kwenye mazoezi, Zaituni alisema vizuri.
Jumanne alisema vizuri zaidi. Mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Jumatano, Mhina akaja na ndevu.
Ndevu za pamba, nyeupe, mpaka kifuani. Na kanzu. Na bakora.

Zaituni akaingia. Fyaa, fyaa, fyaa.
Akainua bunduki. Akamtazama yule mzee.
Mdomo ukafunguka wenyewe.
"Shikamoo, babu."

Darasa zima likacheka. Kwa kwa kwa kwa.

"Huyo si Mhina?" akasema Kidawa, jambazi mrefu kuliko wote. "Si jana tu mmegombana kwenye bembea?"
"Najua ni Mhina," akasema Zaituni. "Ila zile ndevu."

Mwalimu Nyange akavua miwani, akaifuta.
"Zaituni mwanangu, jambazi haamkii watu. Ukiamkia tena, kofia ya bosi nampa Kidawa."

Kidawa akaitazama ile kofia.
"Itanikaa vizuri," akasema.

Jioni Zaituni akafanya mazoezi nyumbani.
Akamwambia mbuzi, "Mikono juu." Mbuzi akatafuna.
Akamwambia paka, "Mikono juu." Paka akalala.

Akaingia jikoni. Bibi alikuwa anakanda unga.
"Mik..." akasema Zaituni. "Mik... Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo mik ni nini?"
"Si kitu, bibi."

Sisi ni majambazi,
tunataka maandazi.
Ta-ta-ta, ta-ta-ta.
Safari hii aliimba taratibu, peke yake, chini ya shuka.

Jumamosi ikafika.
Wazazi wakajaa. Bibi akakaa mbele kabisa.
Akasoma kibao cha dukani, polepole, kwa kidole.
"Du-ka. La. Ma-a-nda-zi." Akatabasamu. Maandazi yenyewe aliyapika yeye.

Ngoma ya ndoo ikalia. Du-du-du, pa. Du-du-du, pa.
Majambazi wakaingia wakiimba. Bosi Radi mbele.
Fyaa, fyaa, fyaa.

Mzee mwenye ndevu alikuwa amekumbatia sinia la maandazi.
Zaituni akainua bunduki.
Akavuta pumzi.

"Shikamoo, babu."

Mwalimu Nyange akafunika macho.
Kidawa akanyoosha mkono, akaivua kofia kichwani kwa Zaituni.

Lakini zile ndevu zilikuwa zimemwingia Mhina pia.
Akaweka sinia chini. Akaegemea bakora.
"Marahaba, mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya kizee. "Hujambo?"

"Sijambo, babu."
Zaituni akaliona sinia. Halina mtu wa kulilinda.
Mkono wake ukashuka. Andazi moja likaingia mfukoni. Chup.

"Nyumbani hawajambo?"
"Hawajambo, babu."
Chup.

"Na mbuzi wenu?"
"Mzima, babu."
Chup.

Zaituni akawageukia wenzake. Akanong'ona, "Amkieni. Wote."

Majambazi wakapanga foleni, na adabu zao.
"Shikamoo, babu." "Marahaba." Chup.
"Shikamoo, babu." "Marahaba." Chup.
"Shikamoo, babu." "Marahaba, marahaba. Leo nina wajukuu wengi jamani." Chup, chup.

Mzee akainama kuchukua sinia lake.
Sinia jeupe. Hata punje ya sukari haipo.
"Maandazi yangu yako wapi?"

"Mikono juu," akasema Bosi Radi, kwa sauti nene kuliko radi.

Mhina akainua mikono. Ndevu zikaanguka.
Wazazi wakacheka mpaka viti vikalia. Bibi akapiga kigelegele.
Mwalimu Nyange naye akacheka, miwani ikadondoka.

Kidawa akaitazama kofia. Akamtazama Zaituni.
Akamvisha tena.
"Yako hii, Bosi," akasema. "Mimi nisingewaza hilo."

Na wote wakaimba, mpaka nje ya mlango:

Sisi ni majambazi,
tunataka maandazi.
Ta-ta-ta, ta-ta-ta!

Sasa ni usiku, nyumbani, na koti limetundikwa. Bunduki imelala chini ya kitanda.
Mezani limebaki andazi moja, chini ya kawa. Bibi amekaa karibu yake.

Zaituni akaja, ananyata.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba," akasema Bibi. Mkono wake uko juu ya kawa. Hautoki.
"Hujambo, bibi?"
"Sijambo."
"Na goti lako?"
"Halijambo. Na mkono wangu pia haujambo, uko hapa hapa."

Zaituni akacheka. Bibi akacheka.
Bibi akafunua kawa, akalikata andazi katikati. Nusu ya bosi, nusu ya bibi.

Zaituni akapanda kitandani. Macho yakawa mazito.
Sisi ni majambazi...
tunataka maan...
Ta. Ta. Ta.
Kimya.